Kikombe Kinachofika Puani

Waonjaji wa chai hufanya kazi wakiwa wamesimama. Kule Mombasa, ambako chai ya Kongo huuzwa mnadani pamoja na ya Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, vikombe hupangwa safu ndefu juu ya meza iliyoinuka, na mwonjaji huvipitia kimoja kimoja, kijiko mkononi. Ananusa, anafyonza kwa sauti ili chai ienee kinywani pote, anatema, anasogea. Mimi polio ilinichukua miguu nikiwa mtoto, natumia kiti cha magurudumu. Meza ya kimo hicho hunifika kidevuni. Kikombe nakiona ubavu tu. Rangi ya chai iliyomo siioni, na pua haifiki juu yake. Na chai, kabla haijawa kazi ya ulimi, ni kazi ya pua.

Kwa hiyo nilipoalikwa Butembo kwenye mafunzo ya kuchanganya chai, nikaambiwa kwamba mahali pametayarishwa kwa watu wa viti vya magurudumu, jambo la kwanza nililouliza lilikuwa kimo cha meza. Mama aliyenipigia simu hakuudhika. Alisema, "Subiri, yaya, nikapime," akarudi baadaye na jibu: sentimita sabini na tano, na chini yake hakuna ubao wa kuzuia magoti. Nikajua nitakwenda.

Sisi wa Beni tukienda Butembo tunapanda. Tunaacha joto na harufu ya kakao inayoanikwa kwenye maturubai, tunaingia kwenye ubaridi, mikaratusi na vilima, na huko Butuhe mashamba ya chai yamelala mabondeni kama zulia. Ni kilomita hamsini na ushei tu kwa barabara ya taifa namba 2, lakini tangu mauaji yaanze kuuandama upande wa Beni mwezi wa Oktoba 2014, hakuna anayeianza safari hiyo bila kuulizia kwanza habari za njiani. Mtu wa kiti ana swali jingine la kuongeza: dereva atakubali kukipakia? Safari hii alikubali, kwa nauli ya mzigo. Nililipia miguu yangu kando, na niliumia, kwa sababu si mara ya kwanza wala si dereva mmoja.

Ukumbi ulikuwa katika komini ya Kimemi, na mlangoni palikuwa na njia ya mbao za mkaratusi iliyopanda polepole. Seremala alikuwa bado yupo, akipigilia misumari ya mwisho. Kanuni yake ni ya hesabu nyepesi: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita kumi na mbili za mwendo. Ukiifupisha, aliye kwenye kiti atahitaji mtu wa kumsukuma; ukiifupisha zaidi, ataanguka kwa nyuma. Nilipanda mwenyewe. Pembeni paliwekwa ndoo ya kunawia mikono, na bomba lake lilikuwa usawa wa paja langu. Nilikaa pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa ulipoua watu zaidi ya 2,200 katika eneo letu, ndoo za klorini zilikuwa kila mlango, na nyingi nilizokutana nazo zilikuwa juu ya stuli ndefu. Nilizoea kunyoosha mikono na kuomba mtu anifungulie. Katika siku zile ambazo kuguswa kulitisha, mimi ndiye niliyelazimika kuomba msaada wa karibu.

Mwalimu wetu alikuwa mama mzee aliyeishi na chai maisha yake yote. Alianza na jani lenyewe. Huchumwa majani mawili na kichipukizi chake, hunyaushwa, husagwa, huachwa yageuke rangi kwa hewa, kisha hukaushwa na kuchekechwa, kuanzia chembe kubwa zinazoitwa BP1 hadi vumbi. Chembe kubwa hutoa ladha yake taratibu na harufu yake hudumu. Vumbi hutoa rangi na ukali mara moja. Jani la msimu wa mvua hukua haraka na chai yake huwa nyepesi. La kiangazi hukua polepole, nalo limeshiba. Anayechanganya huyaweka pamoja ili mnywaji apate Aprili chai ileile aliyoipenda Julai. Kisha tukaja kwenye tangawizi na mchaichai, ambavyo ndivyo wengi wetu tulitaka kujifunza, kwa kuwa ndivyo vinavyouzika.

Alitufundisha pia jambo ambalo sikulitegemea. Butembo iko juu ya mita 1,700, na huko maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 95. Beni iko chini zaidi, maji yake hupata moto kidogo zaidi. Kwa hiyo mchanganyiko uliopimwa Butembo ukiutia katika maji ya Beni, ukauacha kwa dakika zilezile, utatoka mkali zaidi. "Wewe wa Beni," aliniambia, "usichukue vipimo vyangu. Chukua namna ya kupima."

Vikombe vilizunguka, sisi tukakaa. Badala ya mwonjaji kupita kwenye safu, sinia lilipitishwa mezani, na kila mtu alipata kikombe mbele yake, chini ya pua yake. Anayesukuma magurudumu kwa mikono miwili hana mkono wa tatu wa kubebea chai ya moto, na kuiweka mapajani ni kutafuta kuungua. Waandaaji walilifikiria hilo. Mama mmoja mwenye magoti mabovu, ambaye hana kiti wala hajioni mlemavu, alisema kabla ya siku ile hakuwahi kufanya mafunzo ya siku nzima bila maumivu.

Lakini palikuwa na kijana ambaye hana kiti. Hutembea kwa mikono, ndala zimevaliwa viganjani, kama wengi tunaowaona sokoni. Meza ya sentimita sabini na tano, iliyonifaa mimi kabisa, kwake ilikuwa ukuta. Niliona aibu ikipita usoni mwa waandaaji, na nikaona kitu bora zaidi: mwalimu hakupoteza muda kuomba radhi. Aliomba mkeka, akaketi chini polepole, akaweka sinia juu ya kigoda, na sehemu ya pili ya somo ikahamia sakafuni, sisi wa viti tukisogea kando na kuinama. Mbabula ya kuchemshia maji ilikuwa chini pia. Kijana yule akashika birika, na kuanzia hapo ndiye aliyetuambia maji yamefika au bado, kwa kusikiliza sauti ya maji hayo.

Tulipoanza kuonja kazi zetu, mwalimu alifika kwenye kikombe cha dada mmoja aliyepoteza mguu vitani. Akafyonza, akatema. "Tangawizi imeua chai. Mwaga, rudia." Chumba kilinyamaza. Sisi tumezoea kusifiwa kwa chochote. Ukiweza kufunga kifungo cha shati, watu wanapiga makofi. Sifa za namna hiyo zina maana moja, kwamba hakuna aliyetarajia ujue kitu. Dada yule alimwaga, akapima upya, akapunguza tangawizi kwa nusu, akaongeza chembe kubwa. Mara ya pili mwalimu alikunywa hadi mwisho, bila kutema, akauliza, "Utaiuza bei gani?" Nimekaa nalo sana tukio hilo. Mtu huwezi kumkosoa hivyo ikiwa umemwacha nje ya mlango, au umemweka mezani asipoweza kunusa. Ule ukali ulitanguliwa na mbao, misumari na futi ya kupimia.

Nchi yetu ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoa sheria yake yenyewe ya kutulinda. Ninaziheshimu karatasi hizo, na nimezitaja mbele ya wakubwa zaidi ya mara moja. Ila sheria haijui ngazi za ukumbi fulani zina kimo gani. Hilo linajulikana kwa mtu kuinama na kupima.

Mafunzo yanayofuata tunataka yafanyike Beni, komini ya Bungulu. Nimekwisha kwenda kumwona mwenye ukumbi. Aliniuliza walemavu wanaokuja kwake ni wangapi, hata agharimie mbao. Nikamwambia hakuna hata mmoja, na nikamwonyesha ngazi tatu za mlango wake. Alizitazama, kisha akaniuliza vipimo. Kila ngazi ni sentimita 15, jumla 45, kwa hiyo njia inataka karibu mita tano na nusu, na ua wake una mita nne. Itabidi ikunje kona. Seremala anakuja Jumamosi.