Wema Ulioulaza Mkono Wangu

Nyumbani kwetu Boma Ng'ombe, wilayani Hai, hakuna mtu aliyenitendea ubaya nilipopatwa na kiharusi. Nalitanguliza hilo kwa sababu ushuhuda wangu unahusu wema, na jinsi wema huo ulivyokaribia kuninyang'anya mkono wa kulia. Mume wangu alinivalisha. Wifi yangu alihamia kwetu ili anilishe. Nikinyoosha mkono kutafuta kikombe, tayari mtu ameshakifikisha mdomoni mwangu. Wageni walikuja na ndizi na maziwa, wakaniombea, na hakuna aliyeaga bila kusema, "Pumzika mama, usijichoshe."

Kiharusi chenyewe kililetwa na presha. Nilikuwa darasani nafundisha Baiolojia, chaki ikadondoka, maneno yakawa mazito, upande mzima wa kulia ukalegea. Picha ya kichwa ilionyesha mshipa ulioziba upande wa kushoto wa ubongo, ule unaouongoza mkono wa kulia. Sikuwa mtu wa ajabu. Watafiti waliohesabu wagonjwa wapya wa kiharusi kati ya 2003 na 2006 walifanya kazi yao Dar es Salaam na hapa hapa Hai. Majibu yao ya 2010, baada ya kusawazisha umri, yalionyesha wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wa Hai, na 316 kwa Dar es Salaam. Idadi ya Dar ilipita ile ya nchi nyingi tajiri. Basi ninayoyasema yanahusu nyumba nyingi.

Mguu ulirudi mapema, nikatembea kwa fimbo. Mkono ulibaki umening'inia. Kliniki kulikuwa na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia na foleni ya kutosha wataalamu watano; alinikunja na kuninyoosha kiwiko, kisha akamwita mwingine. Huku nyumbani wapo waliosema nimetupiwa jini, wapo walioleta mafuta ya kuchulia. Halafu siku moja daktari aliangalia tarehe kwenye faili akasema, "Mama, miezi sita imepita. Kisichorudi mpaka sasa hakirudi tena. Mshukuru Mungu unatembea." Mungu nilimshukuru. Lakini nililia daladala nzima ikinitazama.

Aliyenitoa hapo ni binti niliyemfundisha sekondari. Amemaliza uzamivu na sasa yuko katika ile miaka migumu ya utafiti inayofuata, Uingereza, akichunguza jinsi mwili unavyorudishiwa mwendo baada ya ubongo au uti wa mgongo kuumia. Alikuwa likizo, akaja kunipa pole. "Shikamoo Mwalimu," akasema, akakaa, akautazama mkono wangu kwa muda mrefu. Kisha akaomba ruhusa ya kuupima.

Alinikalisha wima. Niguse goti kisha pua, mara tano, kwa kasi niwezavyo. Nipandishe mkono hadi sikioni. Niupeleke nyuma ya kiuno. Nikunje vidole, nivifungue. Kwa kila jambo aliandika sifuri, moja au mbili. Kipimo hicho kilitungwa Sweden na Axel Fugl-Meyer na wenzake, kikachapishwa 1975, na kwa mkono alama za juu kabisa ni 66. Sifuri zilijaa. Mwishoni akaniwekea kipande cha karatasi kati ya kidole gumba na cha shahada, akakivuta polepole. Kilitoka, ila hakikutoka papo hapo. "Umeona?" akauliza. Mimi sikuwa nimeona kitu. Akakirudisha, akakivuta tena, na safari hii nikaisikia karatasi ikikataa kidogo kabla ya kuteleza. Akaandika moja. Mkono uliokuwa umezikwa na familia nzima, mimi nikiwemo, ulikuwa umepata alama.

Ndipo akanisimulia habari za Edward Taub, Mmarekani aliyewakata nyani mishipa ya fahamu inayopeleka hisia kutoka mkono mmoja. Amri ya ubongo bado ilikuwa na njia ya kufika kwenye mkono, ila mnyama aliuacha tu ukining'inia. Alikuwa ameujaribu mwanzoni, ukamwangusha, akagundua kwamba ule mwingine unamtosha. Mkono ukajifunza kutotumika. Taub alipoufunga mkono mzima kwa siku kadhaa, nyani alianza kuufanyia kazi ule alioutelekeza. Mwaka 1981 polisi walivamia maabara yake ya Silver Spring, Maryland, kwa sababu ya hali waliyokutwa nayo wale wanyama. Sitaki kulifunika hilo. Waliteseka, na mimi nina deni kwao.

Nilimwelewa yule binti kabla hajamaliza. Nyani alikuwa na mkono wa pili wa kumfanyia kila kitu. Mimi nilikuwa na wa pili, na wa mume wangu, na wa wifi yangu, na wa watoto.

Kutokana na kazi ile Taub alibuni tiba ya kuufunga mkono mzima na kuutumikisha ule dhaifu kwa saa nyingi. Marekani waliijaribu kwa watu 222 waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa kabla ya kuanza, baadhi yao wakavaa glovu mkono mzima karibu muda wote wa kuwa macho kwa wiki mbili. Majibu yalitoka 2006: waliofanya hivyo waliwapita wenzao waliopata huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye tofauti ilikuwa ipo bado. Miezi tisa, jamani! Mimi nilifungiwa mlango kwenye wa sita. Lakini yule binti aliniambia ukweli wote. Tiba hii ni kwa mwenye kuweza walau kuinua kiganja na kufungua vidole kidogo. Mkono usiotikisika kabisa haufai kulazimishwa hivyo. Na mkono mzima haufungwi ukitembea, ukipanda ngazi wala ukiwa karibu na moto.

Wangu ulikuwa na hicho kidogo, basi tulishona mfuko wa kitenge, nikauvaa mkono wa kushoto nikiwa nimekaa. Kazi yangu ilikuwa kuchambua maharage. Chukua punje, ipeleke bakulini, iachie. Kuiachia ndiko kulikonitoa jasho, kwani vidole vilishika na kugoma kufunguka. Watafiti waliokaa kwenye vyumba vya mazoezi Marekani na Kanada wakihesabu, waliona kwamba katika kipindi kimoja mkono hufanyishwa kazi yenye maana kwa wastani mara 32 tu, ilhali wanyama wa maabara hurudia mamia. Bakuli la maharage lina mamia. Wifi yangu alikuwa akitoka nje asinione ninavyohangaika, na mara nyingine alirudi macho mekundu. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa vijiko vyote alivyonilisha.

Ndugu walishaanza kuchangishana ili nipelekwe India kwenye roboti za kufundisha mikono. Yule binti aliwaeleza kwamba Uingereza roboti ya namna hiyo ilijaribiwa kwa watu 770, na majibu ya 2019 hayakuonyesha kuwa iliurudishia mkono kazi kuliko huduma ya kawaida. Hata kwa miguu, utafiti wa Marekani wa 2011 uliwalinganisha watu 408: waliotembezwa kwenye mashine wakiwa wamening'inizwa kwa mikanda, na waliofanyishwa mazoezi nyumbani na mtaalamu. Baada ya mwaka walikuwa sawa. Fedha ile ikaenda kumleta mtaalamu wa fiziotherapia nyumbani, na kununua dawa zangu za presha, ambazo sizikosi.

Leo ninakula kwa mkono wa kulia na kufunga vifungo vikubwa. Chaki naishika, ila mwandiko unapanda na kushuka na bega huuma kabla ubao haujajaa. Kidole kidogo hakijasikia neno lolote. Mkono wa zamani sijaupata, na sina hakika kama nitaupata.

Siku hizi nikisikia mtu kapatwa na kiharusi huku kwetu, naenda, na ninazungumza kwanza na anayemlisha. Juzi nilimkuta mama mmoja na bakuli la uji, mumewe amefungua mdomo, vidole vyake vya kulia vikichezacheza juu ya blanketi. Nikamwomba amshikishe mumewe kijiko.

"Atamwaga, Mwalimu."

"Amwage. Kesho nitakuja na maharage."