Ruan Lingyu na Ndimi za Shanghai

Kwa Kichina neno shennü lina maana mbili. Maana ya juu ni mungu wa kike. Maana ya chini, isemwayo kwa kusitiri, ni mwanamke auzaye mwili wake usiku. Mpenzi wa mashairi hahitaji kuelezwa zaidi, kwani hilo ni fumbo lililokamilika, heshima na aibu ndani ya chombo kimoja. Mwaka 1934 Wu Yonggang, mbunifu wa mandhari za filamu aliyekuwa akiongoza kwa mara ya kwanza, alilichukua neno hilo akalifanya jina la filamu yake. Nafasi ya mama mwenye maisha hayo mawili akampa Ruan Lingyu.

Filamu hiyo ni bubu. Mama anamlea mwanawe wa pekee kwa fedha za barabarani. Mcheza kamari anamvamia na kumfanya mali yake. Mtoto anatiwa shuleni, naye anapopanda jukwaani kuimba, wanawake walioketi mle wanaanza kunong'onezana. Kamera inaufuata mnong'ono kutoka sikio hadi sikio. Hakuna atukanaye kwa sauti, wala hakuna sauti ya kutukania. Baada ya siku chache mtoto anafukuzwa. Mwisho wake mama anamuua yule dhalimu, anafungwa miaka 12, na kumwomba mwalimu mkuu amwambie mwanawe kwamba mama yake amekwisha kufa. Uso wa Ruan ndio unaoyasema haya yote, na wausema bila kupaza. Waigizaji wengi wa zama zile waliujazia ukimya kwa kurusha mikono na kukodoa macho. Yeye aliuacha ukimya ukae.

Alizaliwa Shanghai mwaka 1910, katika ukoo wenye asili ya Guangdong. Baba alifariki binti akiwa mdogo, na mama akaingia utumishi katika nyumba ya matajiri. Kijana wa nyumba hiyo, Zhang Damin, akampenda binti wa mtumishi. Binti naye, akiwa na miaka kama 16, akaenda kuishi naye. Ndoa rasmi haikufungwa. Mwaka 1926 Ruan aliingia katika kampuni ya filamu ya Mingxing, na kuanzia mwaka 1930 jina lake likapaa pamoja na kampuni ya Lianhua. Zhang akawa mla jasho lake, mkono wake daima u wazi. Walipoachana alikubali kumlipa fedha kila mwezi ili apate amani, lakini amani inunuliwayo kwa awamu haidumu.

Wakati huo mwigizaji mwenzao mmoja, Ai Xia, aliyekuwa pia mwandishi, alijitoa uhai mapema mwaka 1934, na magazeti hayakumwacha hata kaburini. Mwongozaji Cai Chusheng akatengeneza filamu iliyochota kutoka maisha yake, *Wanawake Wapya*, na Ruan akawa Wei Ming, mwalimu wa muziki na mtunzi wa riwaya ambaye mwandishi wa habari aliyekataliwa anaamua kumharibia jina. Katika dakika za mwisho Wei Ming, amelala kitandani hospitalini, anasema kwamba anataka kuishi. Maandishi ya maneno hayo yanakuwa makubwa na kumjia mtazamaji usoni.

Filamu ilionyeshwa Februari 1935. Chama cha waandishi wa habari cha Shanghai kiliona kimetukanwa, kikadai mandhari zikatwe na kampuni iombe radhi. Hapo ndipo Zhang Damin alipokwenda mahakamani kumshitaki Ruan, aliyekuwa sasa akiishi na Tang Jishan, mfanyabiashara wa chai. Magazeti yaliyokuwa na kisasi yakapata walichokitaka wenyewe. Kila siku likatoka jipya: nani alimpa nini, nani alimlaghai nani. Yaliyokuwa ya chumbani yakawa ya kuuzwa njiani, na ulimi, kama ajuavyo kila mtu, hauna mfupa.

Alitakiwa kufika mahakamani tarehe 9 Machi. Tarehe 8 Machi, siku ya wanawake duniani, alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 24, na alimwacha mama yake na binti wa kulea. Zilichapishwa barua zilizosemwa kuwa ni zake, zenye kulalamikia hofu ya maneno ya watu; baadaye wapo waliotilia shaka kama ni mkono wake. Shaka hiyo ni ya haki, lakini haiyafuti yale yaliyokwisha kuchapishwa alipokuwa hai. Siku ya maziko watu maelfu walijipanga barabarani, na bila shaka wamo waliokuwa wakiyanunua magazeti yale yale kila asubuhi.

Lu Xun, mwandishi ambaye mwenyewe alikuwa na mwaka mmoja na kitu tu wa kuishi, aliliandikia makala jambo hili. Hoja yake ilikuwa kali: gazeti huwa dhaifu mbele ya wenye nguvu, lakini mbele ya mtu asiye na pa kujitetea linabaki na nguvu tele. Ruan alikuwa mashuhuri kiasi cha kuuza magazeti, wala hakuwa na gazeti la kujibia.

Mwaka 1992 Maggie Cheung alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Berlin kwa kuiigiza nafasi ya Ruan katika filamu ya Stanley Kwan. Humo anajaribu kuurudia uso ule, na karibu yake vinaonyeshwa vipande vya filamu za Ruan mwenyewe.

Vipande, kwa kuwa katika filamu zake karibu 30 nyingi zimepotea. *Mapenzi na Wajibu*, ya mwaka 1931, nayo ilihesabiwa kuwa imepotea, hata nakala yake ilipoonekana Uruguay katika miaka ya 1990. Ndani yake Ruan anaonekana akiwa kijana, kisha mwanamke aliyechakaa kwa kushona nguo za watu, na tena akiwa binti wa mwanamke huyo. Mama na mwana, uso mmoja.