Maji Tunayoyanywesha Malori

Ufundi wangu wa injini nimeufanyia Iguguno, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, na ugonjwa uliokula sehemu kubwa ya kazi hiyo ni bloku kuvuja maji. Malori yanayotokea Igunga na Shelui hufika hapa yakiwa yamekwisha kupanda mlima wa Sekenke na shehena kamili. Ya kwetu hubeba alizeti na vitunguu. Lori kuukuu likifika linachemsha, mwenye gari huwa na hukumu mkononi: chuma kimezeeka, bloku imekufa, itafutwe nyingine. Hukumu hiyo nimeikataa miaka yote. Ninachoshikilia ni kwamba bloku nyingi tunazoziita mbovu zimeuawa na maji yaliyomiminwa kwenye rejeta, na fundi anayeziba tundu bila kubadili maji amemuuzia mteja muda tu.

Ushahidi uko kwenye slivu, bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Katika injini kubwa za dizeli ambazo slivu zake zimezungukwa na maji, ukiichomoa iliyotoboka utakuta vishimo vidogovidogo vimejipanga upande ule pistoni inaoukandamiza. Lau uzee peke yake ungekuwa sababu, chuma kingelika pande zote sawa. Kinachotokea ni kwamba kila moto unapolipuka ndani, slivu hutetemeka. Vipovu huzaliwa kwenye maji yanayoigusa, kisha hupasukia juu ya chuma na kukidonoa hadi kitoboke. Kulanti ina dawa inayoweka utando juu ya chuma. Maji matupu hayana kinga hiyo, na ya kwetu ni mabaya zaidi ya matupu: visima vingi mkoani Singida vina chumvi, kama yalivyo na chumvi Singidani na Kindai, maziwa mawili ya mjini Singida. Chumvi huharakisha kutu, nayo madini ya maji magumu huacha ukoko unaozuia joto lisitoke kwenye chuma. Vizibo vya bati vilivyopigwa ubavuni mwa bloku huoza kwa njia hiyohiyo, na mara nyingi kizibo kimoja kilichooza ndicho kinachoitwa ufa.

Wapo wanaojibu kwamba malori ya zamani yalikwenda kwa maji ya mtoni. Nakubali, lakini mengi yalikuwa na injini nyepesi za petroli, ambazo hazikutetemesha slivu kama dizeli ya leo. Wengine huing'oa thamostati, wakisema jua la huku ni kali. Jua halina kesi hapa. Mji wa Singida uko takribani mita 1,500 juu ya bahari, na kwa mwinuko huo maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima wa rejeta wenye nguvu ya baa 0.5 hupandisha kiwango hicho kwa zaidi ya nyuzi 10. Mfuniko uliolegea huipoteza faida yote. Kwa hiyo mfuniko ndio wa kuangaliwa kwanza, na thamostati ibaki, kwa sababu injini inayofanya kazi ikiwa baridi huchakaa haraka. Na utingo asimwage maji baridi kwenye injini iliyokauka ikiwa moto: hapo ufa wa kweli huzaliwa.

Pingamizi lenye uzito ni la unga wa kuzibia, pamoja na mayai na pilipili manga. Ni kweli huziba, na dereva aliyekwama kwenye mbuga ya Wembere simlaumu akivitumia ili afike mjini. Ila haviujui ufa. Huganda popote penye wembamba, na mirija ya rejeta nayo ni myembamba. Kipimo cha haki ni kuisukumia injini baridi upepo kupitia rejeta, kufungua sampu na kutazama kutoka chini tone linadondokea wapi. Likishuka kando ya slivu, pengine ni oringi. Oili ikielea kwenye rejeta, ishuku kwanza kula, yaani kipoza oili, maana injini ikiunguruma oili huwa na msukumo mkubwa kuliko maji. Bloku ihukumiwe ya mwisho, na hata ufa wa nje ukithibitika hushonwa kwa pini za chuma.

Kulanti ni ghali kwa lori la zamani, najua. Lakini kufungua injini, kununua slivu na kuiacha shehena ya vitunguu ioze barabarani ni ghali zaidi. Mvua za hapa huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na maji yanayoshuka kwenye bati safi hayana chumvi ya kisima. Wenye malori wa Iguguno, kingeni mapipa, mchanganye na kulanti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dumu, na msikubali bloku ing'olewe kabla fundi hajawaonyesha kwa macho tone linapotokea.