Tairi la Kuisha, Tairi la Kuzeeka

Kabla sijauliza bei ya tairi, huinama kwanza nikasoma ubavu wake. Natafuta tarakimu nne zilizo mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT. Zikiwa 3219, tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 32 ya mwaka 2019, hata kama muuzaji anaapa limeshushwa jana. Utaratibu huu wa tarakimu nne ulianza mwaka 2000. Kabla ya hapo zilikuwa tatu, na muongo ilibidi uukisie mwenyewe.

Baba yangu, aliyeendesha Kombi hii hii ninayoiendesha mimi, hakuwahi kutafuta tarakimu yoyote. Alipitisha kiganja juu ya kashata za tairi akajua zimebaki kiasi gani, basi. Enzi zake tairi halikupata nafasi ya kuzeeka. Liliisha.

Kombi yenyewe ni Volkswagen ya mwaka 1972, iliyoundwa Hannover na kutiwa samani na kampuni ya Westfalia: kiti kinachokunjuka kuwa kitanda, sinki, makabati, na paa linaloinuka ili mtu asimame wima ndani. Baba alikuwa mpima ardhi wa serikali mjini Moshi. Aliinunua mwaka 1979 kwa mtaalamu wa kilimo, Mjerumani, aliyekuwa amemaliza mkataba wake na anarejea kwao. Wenzake walimwona amenunua mzigo. Yeye aliona nyumba ya kazini. Akienda kupima mashamba Same au Mto wa Mbu, alilala humo humo, akapika chai yake, asubuhi akawa kazini kabla ya vibarua wake.

Shida ilikuwa miguuni. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha mwaka ule ule, hazina ya fedha za kigeni ilikuwa tupu, na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, hivyo hakukuwa na habari ya kukimbilia Nairobi kutafuta vipuri. Magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Arusha tulikuwa na kiwanda cha General Tyre, tena chetu wenyewe, lakini nchi nzima ilikuwa imekitolea macho: malori ya mazao, mabasi, Land Rover za serikali. Mtu mwenye gari dogo aliandika barua, akasubiri kibali, akapewa kilichopo.

Kilichopatikana kwetu kilikuwa matairi mawili ya nailoni. Hapa nieleze kidogo. Fundi wetu aligawa matairi yote duniani mafungu mawili, ya nailoni na ya waya. La nailoni limefumwa kwa tabaka za nyuzi zinazopishana mshazari kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo ubavu na uso ni kitu kimoja: ubavu ukijikunja, uso nao unajikunja, tairi linapata joto na kashata zinaliwa upesi. La waya, ambalo vitabuni huitwa radiali, nyuzi zake hukatiza moja kwa moja, na chini ya kashata hupita mkanda wa waya za chuma. Ubavu unalegea unavyotaka, lakini uso unabaki bapa barabarani. Michelin waliusajili ufundi huo mwaka 1946 na kuanza kuuza matairi yake mwaka 1949. Yule Mjerumani alikuwa ameacha Kombi ikiwa na matairi ya waya pande zote. Kwa maneno mengine, sisi tulipobadilisha matairi tulirudi nyuma miaka thelathini.

Baba aliyafunga yale ya nailoni mbele, na mawili ya waya yaliyokuwa na nafuu akayaacha nyuma. Kanuni ndiyo hiyo: ekseli moja isichanganye aina mbili, na kama gari litachanganya, radiali zikae nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza kabla ya mbele gari hugeuka lenyewe. Katika Kombi jambo hili lina uzito zaidi, maana injini iko nyuma na mzigo mkubwa unalalia huko.

Namkumbuka alivyoendesha miaka ile. Kombi ina uso bapa, na kati ya Mwanga na Same upepo hauombi ruhusa. Tairi la nailoni nalo hufuata kila mfereji uliochimbwa na malori. Baba alikuwa akiuzungusha usukani huku na huku kama anayesonga ugali, na gari likaenda moja kwa moja. Alipokuja kupata radiali nne kwa pamoja, miaka kadhaa baadaye, mikono yake ilichukua muda kutulia. Iliendelea kusahihisha kosa ambalo gari lilikuwa limeacha kulifanya.

Kwa fundi pancha tulikuwa wenyeji. Tairi lilitolewa kwenye ringi kwa vyuma viwili bapa na nguvu za mwili, mpira wa ndani ukajazwa upepo na kuzamishwa kwenye beseni hadi mapovu yaonyeshe tundu. Kisha kiraka kilibanwa chini ya pistoni kuukuu ya injini, ndani ya pistoni yakamiminwa mafuta ya taa kidogo na kuwashwa moto. Moto ukizimika, kiraka kimeiva. Mipira yetu ilikuwa na viraka juu ya viraka, na fundi aliyatambua makovu yake mwenyewe. Alikuwa akimwambia Baba, “Mzee, huu sasa unatembelea dua.” Baba alijibu kwamba dua haihitaji kibali.

Na tairi lilipoisha kweli, nyuzi zikichungulia, halikutupwa. Mpira wa ndani ulichanwa vipande virefu vya kufungia mizigo kwenye baiskeli, na sisi watoto tulipata wa manati. Tairi lenyewe lilikwenda sokoni kwa wakata katambuga, kwa sababu nailoni inakatika vizuri kwa kisu. Tairi la waya hawakulitaka: kisu kinanasa, na ncha za chuma zinamchoma mvaaji. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mkata katambuga akiligeuza tairi la yule Mjerumani, akagonga uso wake kwa kisu, na kuturudishia. Lilikuwa tairi la kwanza nyumbani kwetu kukosa maisha ya pili.

Mpaka ulifunguliwa mwishoni mwa 1983, na bajeti ya 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Maduka yakaanza kujaa taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini hapakuwa tena na kibali cha kusubiri, bali mlima wa kuchagua: matairi ya mtumba, yaliyovuliwa kwenye magari ya Japani na Ulaya, yamepakwa rangi nyeusi yakang’aa. Kashata zake zilikuwa ndefu kuliko chochote Baba alichowahi kukiona katika enzi ya vibali. Kiganja chake kikaridhika. Alinunua manne.

Moja lilibanduka uso tukielekea Mto wa Mbu, zamani hizo kabla ya lami kutoka Makuyuni. Hakukuwa na msumari wala jiwe. Ukanda mzima wa kashata uliachana na mwili wa tairi na kuanza kuipiga bodi ya gari kwa ndani hadi tuliposimama. Baba alikaa kando ya njia akiushika ule ukanda, kashata zake bado zimesimama, akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa na jibu lake pale: limekufa na nini?

Jibu nimelijua baadaye. Mpira wa tairi huchanganywa na nta ya kuukinga dhidi ya ozoni iliyo hewani. Tairi linapozunguka na kujikunja, nta hiyo hupanda juu na kulifunika. Likikaa bila kuzunguka, ghalani au chini ya gari lililoegeshwa, nta haipandi, nyufa nyembamba zinaanza ubavuni, na ndani mpira unakauka na kuachia waya zilizoushika. Jua na joto huharakisha yote hayo. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisivuke miaka 10 hata kama halijatumika. Yale ya mtumba yalikuwa yametupwa na watu wengine kwa sababu hiyo hiyo, na kiganja hakiwezi kuisoma.

Miaka hiyo hiyo kaka yangu aliingiwa na tamaa ya ringi. Kombi zilizoundwa kuanzia Agosti 1970 zina matundu matano kwenye duara la milimita 112, kipimo kile kile cha Mercedes-Benz; zile za kabla yake duara lao ni milimita 205 na haziingiliani. Kaka akapata ringi nne za alumini za Mercedes, inchi 14, zikiwa na matairi yake ya 195/70. Zilikaa. Kombi ilipendeza kuliko siku iliyotoka Hannover, na vijana wa mtaa walikuja kuitazama.

Baba hakubishana juu ya urembo. Alikwenda Arusha na kurudi, kisha akatuonyesha daftari lake. Kutoka Moshi hadi Arusha, njia aliyoijua kuwa kama kilometa 80, kihesabio kilikuwa kimemwandikia karibu 83. Kwenye Kombi, waya wa spidomita huchomoka katika kifuniko cha kitovu cha gurudumu moja la mbele, kwa hiyo gurudumu likiwa fupi huzunguka mara nyingi zaidi na saa inadanganya. Mpima ardhi hawezi kuishi na gari linalorefusha nchi.

Kisha akatusomea namba iliyo ubavuni: 91. Namba hiyo maana yake tairi moja linabeba kilo 615. Tairi la 185R14C, saizi ya Kombi, lina namba 102, yaani kilo 850. Kombi ya kambi ikiwa na watu, maji, magodoro na gesi, ekseli ya nyuma peke yake inabeba zaidi ya tani moja. Matairi ya gari la starehe yanafika ukingoni hata kabla ya shimo la kwanza. Na nati je? Za Volkswagen zina shingo ya mviringo, ringi nyingi za madukani zimechongwa kwa nati zenye shingo ya umbo la pia. Zikichanganywa, zinakaza kwa ukingo mwembamba tu na hulegea njiani. Kaka alizivua ringi zake akaziuza kwa faida.

Baba alipostaafu, Kombi ilikaa chini ya mwarobaini kwa miaka mingi. Nilipoichukua, matairi yote manne yalikuwa na kashata nzuri na hakuna hata moja lililofaa. Nilidhani saizi itanisumbua. Kiwanda cha Arusha kilikuwa kimesimama tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, Kombi za watalii zilikuwa zimetoweka, na hata Brazil waliacha kuziunda mwaka 2013. Muuzaji aliposikia 185R14C hakuuliza hata ni ya gari gani. Alipanda ngazi akashusha. Hiace za zamani na vigari vya mizigo vinavaa saizi hiyo hiyo, na herufi C ni ya magari ya biashara. Hiace ndiyo iliyoiondoa Kombi barabarani kwetu. Hiyo hiyo ndiyo iliyolinda viatu vyake.

Ringi za chuma za asili nilizirudisha. Nazo zina kipimo na tarehe yake iliyogongwa kwenye chuma. Zilipigwa mchanga hadi chuma kitupu, zikakaguliwa nyufa kuzunguka matundu ya bolti, moja ikakataliwa, nyingine zikapakwa rangi. Kazi kubwa ilikuwa kwenye ukingo ambapo tairi linakaa, kwa sababu kutu ndogo pale inavujisha upepo polepole, na ndipo fundi anapokushawishi utie mpira wa ndani kwenye tairi lisilouhitaji. Mpira huo husuguana na tairi, na ukitoboka upepo hutoka wote mara moja. Nilitaka ringi safi na vali mpya. Nati zilikazwa kwa zamu ya nyota, zikakazwa tena baada ya kilometa mia. Upepo naweka 30 mbele na 40 nyuma. Na nilinunua matano, kwa kuwa spea ndilo tairi linalozeeka bila mtu kulitazama.

Safari zetu siku hizi ni chache, Lushoto au Pangani wakati wa likizo. Kwa mwendo huo kashata hazitaisha kamwe. Seti ya kwanza niliyoinunua mwenyewe niliibadilisha kwa kalenda, ikiwa bado inaonekana mpya, na fundi alidhani natania. Akaniomba nimwachie yale ya zamani. “Bosi, haya yana wateja hapo nje.”

Najua yana wateja, na ndiyo sababu nilichukua msumeno nikakata mbavu zote kabla ya kuyaacha. Tairi lililotoka kwenye Kombi ya Baba halikuweza kumdanganya mtu. Nyuzi zilikuwa nje, na kazi iliyobaki ilikuwa kuvaliwa miguuni. Langu lingeweza kupakwa rangi, kufungwa kwenye Hiace yenye abiria wengi, na kumridhisha kila dereva anayepima tairi kwa kiganja. Fundi alinihesabia hela nilizozikata. Nilimwonyesha zile tarakimu nne na namna ya kuzisoma, kisha tukafunga spea.