Pikipiki na Boma la Chetambe

Mtu atokaye Kitale kwenda Webuye kwa basi hupita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Lugulu, asiangalie kushoto wala kulia, kwa kuwa barabara ni ya lami na basi lina haraka. Karani mmoja, mzaliwa wa Lugulu afanyaye kazi Kitale, aliipita njia hiyo kwa miaka mingi. Hata aliponunua pikipiki iliyokwisha kutumiwa na mwingine, ndipo alipotambua kwamba nchi yake mwenyewe hakuijua ila kwa majina ya vituo vya basi.

Siku hizi pikipiki si ajabu katika sehemu zile. Tangu Serikali ya Kenya ilipopunguza mzigo wa kodi juu ya pikipiki ndogo mwaka 2008, kila njia panda ina vijana wangojao abiria. Lakini hao huenda aendako abiria. Karani huyu alikwenda asikoitwa na mtu. Jumamosi, kazi ikiisha, alijaza petroli, akaacha lami, akafuata njia za matrekta ya miwa na za ng'ombe waendao mtoni. Mara mbili alianguka katika tope. Na kila aliposimama kuuliza njia, aliambiwa hadithi kabla ya kuonyeshwa njia.

Hadithi aliyoisikia zaidi ni ile ya Mango, shujaa wa Wabukusu, ambaye joka liliwaangamiza watoto wake. Mango alilivizia pangoni, akalikata kichwa; kichwa kikaruka kikauma mti, na mti ukakauka pale pale. Kwa ushujaa huo majirani waliomdharau wakakubali kumtahiri, na ndiyo asili ya tohara ifanywayo mwezi wa Agosti, katika kila mwaka wa shufwa. Wazee wa kilima kimoja walimwonyesha karani mahali pa mti huo. Wazee wa ng'ambo ya mto wakacheka, wakamwonyesha pengine. Yeye hakuona sababu ya kuwaamua.

Walakini habari za Chetambe si za joka. Katika vilima vilivyo juu ya Webuye palikuwa na boma la udongo lenye handaki kulizunguka, lililoitwa kwa jina la mzee wa Kitachoni. Mwaka 1895 Wabukusu na Watachoni walijifungia humo, baada ya boma la Lumboka kushindwa, wakapigana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Hobley kutoka Mumias. Katika jeshi hilo walikuwamo askari wa Kisudani na wa Kiganda. Mikuki na ngao haikuweza kushindana na bunduki za Maxim. Hayo karani aliyasoma shuleni. Lakini mama yake alizoea kusema kwamba kaka wa babu yake alifia huko. Na alipoulizwa jina lake, alinyamaza, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Basi siku moja alipanda Chetambe. Karibu na kilele alimkuta bibi kizee akipepeta maharagwe uani. Karani alisimama, mashine ikinguruma, akauliza boma liko wapi. Bibi hakujibu. Akauliza tena.

"Izime kwanza, mjukuu wangu," alisema bibi. Ilipozimwa aliendelea kupepeta kitambo, kisha akauliza, "Wewe wa ukoo gani?"

Karani akautaja wa baba, na wa mama pia. Bibi akaweka ungo chini.

Bibi yake mzaa mama alikuwamo bomani, msichana mdogo. Hakupenda kusimulia habari za bunduki. Alisimulia ng'ombe, jinsi walivyolia kwa kiu ndani ya boma, kilio ambacho alikisikia masikioni hata uzeeni. Bibi mwenyewe alikumbuka mwaka 1947, wakati Elijah Masinde alipowaongoza wafuasi wake kupanda huko kuwakumbuka waliokufa. Vitabuni mkutano huo ni mistari michache. Yeye alikuwa mtoto, akakumbuka vumbi, na mama yake akimvuta ndani ya nyumba. Watu wa ukoo uliotajwa, alisema, walisimama langoni.

"Jina la huyo, Bibi?"

"Mlete mama yako."

Mama hakuwahi kupanda pikipiki, na alikuwa ameapa kutoipanda kamwe. Jumamosi ya pili alikaa nyuma kwa upande mmoja, leso imefungwa barabara, akamshika mwanawe hata mbavu zikamuuma. Wanawake wale wawili walisema Kibukusu cha zamani, upesi upesi, na karani, aliyekulia katika nyumba za wafanyakazi mjini Kitale, alipata nusu tu ya maneno yao. Jina halikupatikana. Bibi alijua lango tu. Akainuka, akawapeleka mpaka mahali ambapo handaki limekwisha kujaa udongo na majani, akaonyesha kwa mkono.

Mama aliketi hapo mpaka jua likateremka. Karani alikuwa amechukua daftari na kalamu, asiandike neno. Walipotaka kuondoka, mama alimkataza kuwasha mashine karibu na mahali pale. Basi akaisukuma, na mama akimfuata nyuma, mpaka walipofika njia kubwa.