Kutoka Mulago Hadi Nimule: Taa za Gari Mpakani

Kilima cha Mulago mjini Kampala hakilali. Usiku kucha magari huipanda njia ya hospitali kuu iliyoanzishwa mwaka 1913, na miongoni mwa washushwao hapo wamo majeruhi wa barabarani. Chini ya kilima upo mzunguko wa barabara, ule ambao Waswahili wengi huuita kipilefti. Jina lenyewe limebeba amri ya kushika kushoto.

Amri hiyo hukoma mpakani. Dereva atokaye Mulago kwa njia ya Gulu, akivuka Elegu kuingia Nimule, hushika kulia, kwani Sudani ilihamia mkono huo mwaka 1973 na Sudani Kusini ikaurithi. Rwanda na Kongo nako ni kulia.

Dereva hukumbuka kuhama, taa hazikumbuki. Taa za gari la Uganda, zikiinamishwa, hurusha mwanga mrefu zaidi kushoto ili kummulika mwenda kwa miguu ukingoni. Ng'ambo, kushoto ndiko yatokako magari mengine. Mwanga uleule humpofusha dereva ajaye, naye hamwoni tena mtoto wala mwenye baiskeli aliye mbele yake.

Dawa si ghali. Baadhi ya taa zina kiwiko kidogo nyuma, na fundi hukisogeza mara moja. Zisizo nacho hubandikwa utepe mweusi juu ya kioo. Mahali pake hujulikana kwa kuziwasha mbele ya ukuta. Kuziinamisha zaidi husaidia, lakini humpunguzia dereva mwenyewe macho.

Wakati wa kurudi, utepe hubanduliwa palepale Elegu, maana watembeao ukingoni mwa njia ya Gulu wanauhitaji mwanga ule.