Acha "Yaani" Yake Ipite

Mpwa wangu,

Rekodi ulizonitumia nimezisikiliza zote hapa barazani, hata shangazi yako akauliza ni mechi gani hiyo isiyokwisha. Nimeelewa pia kazi uliyopewa: uunganishe vipande vya wachezaji wetu wakihangaika na Kiingereza, "you know" juu ya "you know", kisha ubandike kicheko. Mhariri wako anasema video hiyo itatazamwa sana. Itatazamwa, sibishi. Ila umeniuliza mimi kwa sababu nimeshika kipaza sauti tangu enzi za kanda, basi nisikilize kwanza, kisha uamue mwenyewe.

Tuanze na saa. Mwaka 2009 watafiti walipima mazungumzo katika lugha kumi za pembe mbalimbali za dunia. Walikuta kwamba mtu akinyamaza, mwenzake kwa wastani hudakia baada ya takriban milisekunde 200, moja ya tano ya sekunde. Lakini ukionyeshwa picha ya kitu unachokijua, ubongo wako unataka kama milisekunde 600 kulitafuta jina lake na kulifikisha mdomoni. Hesabu haikubali, au sivyo? Katika lugha tuliyozaliwa nayo tunaikubalisha kwa kupanga jibu huku mwenzetu bado anasema. Sasa mchukue kijana wa Mbeya anayeulizwa swali kwa Kiingereza cha Glasgow. Masikio yake yote yamekwenda kwenye swali, na jibu halijaanza hata kupangwa. Maiki iko chini ya kidevu chake, na kimya cha sekunde mbili kwenye televisheni ni kirefu kama foleni ya Ubungo. Hapo ndipo "you know" inapomwokoa. Kwa kuisema anakwambia: zamu bado ni yangu, usinikatize, linakuja.

Hata wenye Kiingereza chao hufanya hivyohivyo. Herbert Clark na Jean Fox Tree waliandika mwaka 2002 kwamba "uh" na "um" zina kazi tofauti: ya kwanza humtayarisha msikilizaji kwa kucheleweshwa kidogo, ya pili kwa kucheleweshwa zaidi. Kabla yao, mwaka 1991, Stanley Schachter wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walikaa nyuma ya madarasa wakihesabu miguno ya wahadhiri. Walimu wa fasihi na sanaa waliguna kuliko wa sayansi, kwa maelezo kwamba wao wana njia nyingi za kusema jambo moja na lazima wachague. Anayesitasita huenda ana mengi ya kuchagua, wala si lazima awe mtupu.

Nenda sasa kwa wakubwa. Rafael Nadal wa tenisi ni mtu wa Manacor, kisiwani Mallorca. Ana Kikatalani cha kwao, ana Kihispania, na Kiingereza ni cha tatu. Sentensi zake nyingi za Kiingereza ziliishia na "no?", kwa sababu Wahispania hufunga maneno hivyo kuomba ukubali, kama sisi na "au siyo?" yetu. Alipostaafu Novemba 2024 akiwa na mataji 22 ya Grand Slam, 14 kati ya hayo ya Ufaransa, sikumsikia mtu akisema Kiingereza kilimkwamisha. Kimi Räikkönen, Mfini aliyekuwa bingwa wa Formula One mwaka 2007, alifungua majibu yake kwa mguno, "bwoah", na mashabiki wakauchapa kwenye fulana. Madereva wenzake, wawe Wajerumani au Wabrazili, wote hukimbilia "for sure". Ile ni lugha ya gereji zao, na wanaelewana.

Lakini ningependa umtazame zaidi Unai Emery, maana kwake utaiona siri ya kicheko chenyewe. Alifika Arsenal mwaka 2018, mtu aliyekwisha kutwaa Kombe la Europa mara tatu mfululizo na Sevilla. Aliamua kuongea Kiingereza mwenyewe, bila mkalimani. Kihispania hakitenganishi "b" na "v", kwa hiyo salamu yake ya jioni ikatoka "good ebening". Vuli ile timu ilicheza mechi 22 bila kufungwa, na mashabiki wakawa wanaitumia salamu hiyo kwa mapenzi. Mwaka uliofuata matokeo yakaharibika, na salamu ileile ikageuzwa ushahidi kwamba kocha haeleweki hata na wachezaji wake. Novemba 2019 akafukuzwa. Akaenda Villarreal, akaifunga Manchester United kwa penalti katika fainali ya Europa mwaka 2021. Kisha Aston Villa, akaipeleka Ligi ya Mabingwa mwaka 2024. "B" yake ni ileile hadi leo. Kicheko hufuata msimamo wa ligi, mpwa wangu. Kiingereza ni kisingizio.

Na kisingizio hicho kina meno. Mwaka 2008 chama cha gofu ya kulipwa ya wanawake cha Marekani, LPGA, kilitangaza kwamba mchezaji aliyemaliza miaka miwili katika mashindano yake atapimwa Kiingereza cha kuongea, na akishindwa atasimamishwa. Wakati huo Wakorea Kusini walikuwa 45 kati ya wachezaji 121 wa kigeni, wengine wakishinda mataji, wala hakuna aliyelalamika kwamba mipira yao haiingii shimoni. Kelele zikapigwa, mpango ukafutwa baada ya wiki chache. Wenzao wa ligi kuu ya besiboli walifika mahali pengine kabisa: tangu 2016 kila klabu inatakiwa kuwa na wakalimani wa Kihispania. Tena kuongea kwenyewe na wanahabari si hiari kila mahali. Muulize mcheza tenisi Naomi Osaka, aliyetozwa faini ya dola 15,000 mwaka 2021 huko Ufaransa kwa kutofika kwenye mkutano wa waandishi baada ya mechi.

Kwenye riadha ndiyo hasa huwa nakasirika. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wetu na Mjerumani Amanal Petros, mzaliwa wa Eritrea, walimaliza marathoni ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wote wawili. Simbu alimtangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Mtu ametoka kukimbia kilomita 42, kifua bado kinapanda na kushuka, anapitishwa kwenye vizuizi vya chuma na kuulizwa: unajisikiaje? Mkenya aliyeanza na Kikalenjin, akaja Kiswahili, akaishia Kiingereza, naye huulizwa hivyohivyo kila wiki mahali fulani duniani. Akijibu kwamba mbio zilikuwa nzuri na anamshukuru Mungu, tunasema hana la kusema. Swali lenyewe lilikuwa na nini ndani yake?

Tena tusijifanye. Mchezaji wetu akihojiwa kwa Kiswahili atasema: kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu, mechi ilikuwa ngumu, makosa mwalimu ameyaona na tunakwenda kuyafanyia kazi, mashabiki waje kwa wingi. Umewahi kutengeneza video ya kuicheka hiyo? Anayajua maneno hayo kwa moyo, na yanamkinga, kwa kuwa neno moja la ovyo linaweza kumweka benchi mwezi mzima.

Sasa rekodi yako ya tatu, yule beki anayesema "we have to do what, to work hard". Umeandika pembeni "kosa". Isikilize tena. Ni ile "tunatakiwa kufanya nini? Kujituma" unayoisikia kwa kila mwalimu, kila mhubiri na kila diwani wa hapa Tanga. Ni Kiswahili kilichovaa jezi ya Kiingereza. Na yule anayeweka "yaani" katikati ya sentensi ya Kiingereza anaweza kuipeleka mbali kuliko unavyodhani: neno hilo tumelitoa kwa Waarabu, lipo Muscat, na Waturuki nao wanalo. Mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alipotoka Aston Villa kwenda Fenerbahçe mwaka 2020, nadhani "yani" ya Istanbul haikumpa taabu. Huyo naye mfikirie: Lubumbashi, Genk, Birmingham, Istanbul, kila kituo na lugha yake ya mahojiano.

Kwa hiyo nifanyeje, utaniuliza. Ukiandika habari ya kusomwa, yaondoe maneno ya kujazia. Msomaji hayahitaji, na mchezaji hakuyasema ili yachapwe. Kwenye sauti yaache yapite, isipokuwa yanaposonga hoja. Ukiikata kila "yaani" unabaki na mtu anayeongea kama anasoma tangazo la msiba, na pumzi zake hazikai mahali pake. Kabla ya kurekodi, muulize anataka lugha gani, kisha iheshimu, hata kama bosi anataka Kiingereza ili kituo kionekane cha kimataifa. Uliza swali moja kwa wakati, wewe una tabia ya kubeba matatu. Na usimuulize anajisikiaje. Muulize kwa nini winga wao aliachwa peke yake dakika ya sabini. Atasitasita, ataguna, halafu utapata jibu, ukiweza kunyamaza.

Mhariri akisisitiza anataka video ya kuchekesha, mpe basi. Wachukue waandishi wenzako wa kituo hicho, mmoja mmoja, wakiuliza "ee… kwa hiyo… unajisikiaje… yaani… kwa ushindi huu?" Vipande unavyo tayari, nimevisikia kwenye rekodi hizohizo, na kimojawapo ni chako.

Msalimie dada yangu, mwambie embe zake zinakuja na basi la Jumamosi.

Mjomba wako,
Tanga